Barua ya wazi kwa TARI na TFRA: Pimeni mwani na mlonge chini ya jua la Februari

Kwa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA)

Ndugu wataalamu,

Nawaandikia kutoka Kongwa, mkoani Dodoma. Mimi ni mwalimu mstaafu na mkulima wa karanga, na jambo lililonifanya nishike kalamu ni vichangamsho asilia vya mimea, yaani dondoo za mwani, za majani ya mlonge na nyingine za aina hiyo, ambazo nchi kadhaa zinanyunyizia mikunde ili istahimili ukame. Ombi langu nalitanguliza ili asiye na nafasi ya kusoma yote asilikose: vipimeni vitu hivi hapa kwetu, kwenye udongo wetu, msimu ule ule ambao jua linatuchomea mazao, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, mazuri na mabaya, kabla chupa hazijajaa madukani na minadani.

Mnajua mvua zetu zilivyo. Ni msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida hutupatia milimita 500 hadi 600 hivi. Kiasi hicho kingetosha karanga kama kingegawanyika vizuri. Shida ni kwamba mvua ina tabia ya kukata katikati, mara nyingi Februari, kwa wiki mbili na pengine tatu. Ikikata wakati huo, karanga iliyopandwa Desemba iko kwenye maua, na hakuna hatua katika maisha ya mmea huo inayochukia kiu kuliko hiyo.

Nawaomba mje mwinamishe migongo nasi juu ya shina moja katika siku kama hizo. Ua la karanga hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Likishachavushwa, kikonyo chembamba huchomoza na kushuka kuitafuta ardhi, na ncha yake ndiyo itakayovimba iwe ganda. Ardhi ikiwa na unyevu, kikonyo huzama bila taabu. Lakini udongo wetu mwekundu ukikaa siku kumi bila tone hushika ukoko, ukipiga jembe linadunda. Vikonyo vinabaki vikining'inia juu ya ukoko huo, ncha zinageuka kahawia, halafu nyeusi. Vile vilivyowahi kuzama navyo havijaokoka, kwa sababu ganda changa hujichukulia kalsiamu lenyewe kutoka kwenye udongo unaolizunguka, na udongo mkavu haupitishi kitu. Ndiyo maana mtu anang'oa shina lililobeba vizuri, anamwita mkewe aje aone, kisha wakikaa kubangua wanakuta ganda baada ya ganda ni tupu.

Sasa tikiseni udongo kwenye mizizi. Mtaona vifundo vidogo. Kipasueni kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria waliomo wako kazini wakigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, kikiwa cha kijani au kijivu, kazi imesimama. Ninyi mnafahamu kuliko mimi kwamba kazi ya vifundo ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuyumba ukame unapoanza, na kwa baadhi ya mikunde huyumba hata kabla jani halijaonyesha dalili. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha pia kwamba mikunde haifanani katika hili. Soya na kunde, ambazo husafirisha naitrojeni yake kwa njia ya kemikali ziitwazo ureidi, huathirika haraka. Karanga na dengu huvumilia zaidi. Kwa hiyo mtu akiniuzia kitu chenye maelezo kwamba kinafaa "mikunde yote" wakati wa ukame, tayari nina sababu ya kumuuliza maswali.

Ni vitu gani hasa ninavyozungumzia? Wataalamu wa nje huviita biostimulanti. Humo mna dondoo za mwani, dondoo za mimea ya nchi kavu kama mlonge, asidi ya humiki inayopatikana kwenye mboji na makaa laini ya mawe, chitosani itokanayo na magamba ya kamba na kaa, na viumbe hai wadogo wa udongo wakiwamo kuvu wanaoishi kwenye mizizi. Havilishi mmea kwa namna ambayo mbolea ya chumvichumvi inalisha, kwani kiasi kinachonyunyiziwa ni kidogo mno. Wala haviui wadudu. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake namba 1009 ya mwaka 2019 iliyoanza kutumika Julai 2022, uliamua kuvitambua kwa kile vinachofanya: kusaidia mmea kutumia virutubisho vizuri zaidi, kuvumilia dhiki isiyotokana na wadudu wala magonjwa, na kuboresha mazao. India nayo iliviingiza kwenye sheria yake ya mbolea mwaka 2021. Wenzetu wamekwisha kuona kwamba kundi hili linahitaji kanuni zake.

Jinsi vinavyofanya kazi wakati wa ukame ni jambo la kuvutia, na naliandika hapa kwa ajili ya wakulima wenzangu watakaosoma barua hii. Mmea ukikosa maji hufunga matundu ya majani ili unyevu usitoke. Matundu yakifungwa, hewa ya kaboni haiingii, lakini jua bado linapiga, na nishati isiyopata matumizi huzaa kemikali kali za oksijeni zinazounguza seli kutoka ndani. Kila mmea una kinga yake dhidi ya hali hiyo: hutengeneza vitu vya kuzima kemikali hizo, na hujaza seli zake kwa viyeyushwa kama prolini ili zishikilie maji. Dondoo ya mwani ina sukari ndefu za baharini, betaini na homoni za mimea kama saitokinini. Katika majaribio mengi, mmea ulionyunyiziwa mapema huanza kujenga kinga hiyo kabla ya dhiki kufika, hukuza mizizi zaidi, na majani yake huchelewa kuzeeka. Nasisitiza kwamba ni kabla. Jani lililokwisha kunyauka limejifunga, na kulinyunyizia dondoo ni kumwaga fedha. Na tukubaliane tangu sasa kwamba hakuna chupa inayoshusha mvua. Ukame wa wiki sita utaua karanga iliyonyunyiziwa na isiyonyunyiziwa. Tunachotafuta ni kuvuka wiki mbili au tatu tukiwa bado na kitu shambani.

Ushahidi wa karibu na hali yetu unatoka India. Huko Bhavnagar, jimbo la Gujarat, taasisi ya taifa ya utafiti wa chumvi na kemikali za bahari ilibuni njia ya kusaga mwani mbichi wa aina ya kotonii, kukamua maji yake kuwa kinyunyizio cha mashambani, na makapi yanayobaki kuyapeleka kutengenezea karajinani, ile gundi inayotumika kwenye vyakula na dawa za meno. Mwani ule ule unazaa mali mbili. Ushirika mkubwa wa mbolea wa nchi hiyo, IFFCO, unauza bidhaa ya mwani iitwayo Sagarika kwa wakulima wadogo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009 katika jarida la botania la Afrika Kusini, soya ya kutegemea mvua iliyonyunyiziwa maji ya kotonii kwa kiwango cha asilimia 15 ilitoa mavuno zaidi kwa asilimia 57 kuliko isiyopewa.

Namba hiyo inavutia, na wauzaji wataipenda, lakini isitutoe akili. Ni ya soya, kwenye udongo wa India. Tena maji ya kotonii yana potasiamu nyingi, kwa hiyo sehemu ya faida huenda ikawa ni lishe ya kawaida ambayo mkulima angeipata kwa mbolea ya bei nafuu zaidi. Jaribio letu likikosa kitalu kilichopewa potasiamu peke yake, na kingine kilichonyunyiziwa maji matupu, hatutajua tumelipia nini.

Hapa ndipo inaponiuma, kwa sababu mwani tunao. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuchunguza mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo cha kibiashara kilianza mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani. Leo wakulima wa mwani Zanzibar ni zaidi ya 20,000, na wengi wao ni wanawake. Wanasimama majini tangu bamvua inapotoka, wanafunga miche kwenye kamba, wanavuna, wanaanika, halafu mzigo mkavu unasafirishwa nje kwa bei ambayo wao hawana sauti nayo. Yale maji ya mwani ambayo mkulima wa Gujarat anayanunua kwa chupa, sisi tunayaachia jua liyakaushe ufukweni.

Lipo tatizo la kweli ambalo halitatuliwi kwa hamasa. Ushahidi mwingi wa India ni wa kotonii, na kotonii katika maji ya kina kifupi ya Zanzibar imekuwa ikifa kwa sababu bahari imepata joto. Wakulima wengi wamebaki na mwani wa aina ya spinosamu, ambao una bei ndogo zaidi. Je, maji ya spinosamu yanaisaidia choroko au karanga kama yale ya kotonii? Swali hilo lina faida kwa mama wa Jambiani na kwa mama wa Kongwa kwa wakati mmoja, na jibu lake haliwezi kuagizwa kutoka nje. Halafu kuna chumvi. Mwani umetoka baharini, na shamba la nchi kavu yenye mvua haba halina maji mengi ya kuisafisha. Ipimwe kwenye dondoo na ipimwe kwenye udongo baada ya misimu kadhaa. Na kwa kuwa mwani mbichi sehemu kubwa ni maji, hauwezi kusafirishwa mbichi hadi Dodoma. Ukamuaji lazima ufanyike pwani. Kituo chenu cha Naliendele, ambacho ndicho kitovu cha utafiti wa karanga nchini, kiko Mtwara, hakiko mbali na bahari. Watafiti wa karanga na wakulima wa mwani ni majirani tayari.

Mlonge ni habari nyingine, na kwetu wa bara huenda ndiyo iliyo karibu zaidi. Mwaka 2001 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa kuhusu mlonge. Watafiti waliofanya kazi Nikaragua walieleza humo jinsi ya kuponda machipukizi machanga pamoja na maji kidogo, kiasi cha lita moja kwa kilo kumi, kuchuja, kuzimua mara thelathini hivi, na kunyunyizia mazao. Walitaja ongezeko la mavuno la kati ya asilimia 20 na 35 katika mazao mbalimbali. Chanzo cha nguvu yake kinasemwa kuwa ni saitokinini ya aina ya zeatini, ambayo majani ya mlonge yanayo kwa wingi. Baadaye watafiti wa Pakistani waliendeleza kazi hiyo kwa ngano na mazao mengine. Maarifa hayo yalisomwa hapa hapa nchini, na mlonge unaota Dodoma bila kubembelezwa, umesimama kwenye ua wa shule na pembeni mwa zahanati. Mimi nimetembea vijiji vingi vya wilaya hii na sijakutana na shamba darasa hata moja linalofundisha jambo hilo kwa vipimo.

Naomba watafiti wasiukimbilie mlonge kwa sababu tu ni rahisi kuupata. Wale wa Nikaragua walionya kwamba dondoo yake itumike ndani ya saa tano tangu kukamuliwa, la sivyo igandishwe, nasi hatuna friji shambani. Dondoo ya mti wa kwangu na ya mti wa jirani haitakuwa na nguvu sawa. Umri wa majani, udongo na msimu vyote vinaingia. Kisha kuna swali la maji ambalo, nikisoma maelezo ya kitaalamu, naona linarukwa kila mara. Ekari moja ya karanga inahitaji mabomba kama kumi ya lita 16, yaani lita 160. Hizo ni ndoo nane kubwa. Katika kijiji ambacho mwanamke anatoka alfajiri na punda kwenda kisimani, na wakati mvua imekata kila ndoo ina mgawo wake, nani atachota ndoo nane kwa ajili ya majani? Na akinyunyizia mara tatu kwa msimu ni ndoo ishirini na nne kwa ekari. Kama dondoo inaweza kufanya kazi kwa kupakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda, au kwa kuloweka choroko na dengu usiku mmoja, huo ndio utafiti wa kuanzia. Mbegu ya karanga ina ngozi laini inayochubuka ikilowa, kwa hiyo kwake kuwe na njia nyingine. Lakini kipimo cha kwanza cha teknolojia yoyote ya ukame kiwe ni maji inayoyadai.

Wakati hayo hayajapimwa, soko halisubiri. Msimu mmoja mama jirani yangu alinijia na chupa ya nusu lita aliyouziwa mnadani. Ilikuwa na picha ya nyanya, zabibu na mahindi, na maandishi madogo ya lugha asiyoisoma. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ni mbolea au ni dawa?" Niliisoma yote. Ilisema ina mwani, ina asidi za amino, inaongeza mavuno na kuondoa msongo kwa mazao yote. Haikutaja karanga wala choroko. Haikusema inyunyizwe lini: kabla ya maua, wakati wa maua, au mvua ikishakata. Muuzaji alimwambia ni busta, aweke vifuniko viwili kwa bomba. Alikuwa ameilipia kwa fedha ya kuku wawili. Sijui hadi leo nilipaswa kumjibu nini, kwa sababu huenda kilichomo kilikuwa kizuri. Nilimwambia ajaribu kwenye mistari michache, aache mingine bila kunyunyizia, kisha apime kila upande. Hilo ndilo ninalowaomba ninyi mfanye, kwa mizani bora kuliko debe.

Ninyi TFRA mna Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, ambayo inataka bidhaa isajiliwe kabla ya kuuzwa. Kwa mbolea ya kawaida kipimo ni rahisi kueleweka: mfuko unasema una naitrojeni asilimia kadhaa, maabara inathibitisha. Kichangamsho hakipimiki hivyo. Chupa inaweza kuwa na mwani wa kweli kabisa na isifanye lolote kwa karanga ya Kongwa. Kwa hiyo dai lake ndilo lipimwe. Anayesema bidhaa yake inasaidia kuvumilia ukame aonyeshe matokeo ya shamba lililopata ukame, ndani ya nchi au kwenye hali inayofanana na yetu, na zao alilolipima liandikwe kwenye chupa kwa Kiswahili, pamoja na kiwango na wakati wa kunyunyizia. Asiyekuwa na matokeo ya ukame auze, akipenda, kwa dai dogo zaidi. Naomba pia kanuni isiwe nzito kiasi cha kumfungia mlango kikundi cha wanawake wanaotaka kukamua mwani, huku kampuni kubwa ikipita kwa urahisi. Majaribio ya dondoo za asili zisizo na mmiliki yagharimiwe na umma, maana hakuna mfanyabiashara atakayelipia utafiti wa majani ya mlonge ambayo kila mtu anayo uani.

Kongwa ina sababu yake ya kusisitiza majaribio kabla ya matangazo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mpango wa karanga uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ujumbe uliotumwa kuangalia ardhi ulizunguka kwa wiki chache. Hakukuwa na mashamba ya majaribio ya kutosha, na kumbukumbu za mvua zilikuwa haba. Yakaletwa matrekta na mashine za vita zilizogeuzwa kung'olea visiki. Mvua ikakata, udongo ukakauka ukawa mgumu kama tofali, na karanga zikanasa humo hata kuzing'oa ikawa kazi. Mpango ukafutwa Januari 1951 baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Wazee waliotuzaa waliyaona hayo kwa macho. Zao lilikuwa hili hili la karanga, na kilichouangusha mpango, pamoja na mengine mengi, ni ukame huu huu wa katikati ya msimu.

Upo pia mfano wa kheri. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika vijiji vya Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi. Baadaye ikaja kinga yake, Aflasafe ya Tanzania, iliyotengenezwa kwa kutumia kuvu wasio na sumu waliopatikana kwenye udongo wa nchi hii, ikapimwa kwenye mashamba ya hapa, ndipo ikasajiliwa. Njia hiyo tunaijua. Nataja sumukuvu kwa sababu nyingine pia: karanga inayopata ukame na joto katika wiki za mwisho kabla ya kuvunwa ndiyo inayoshambuliwa zaidi na kuvu anayetoa sumu hiyo. Kama dondoo ya mwani au mlonge inaupunguzia mmea dhiki ya wiki hizo, huenda ikapunguza na sumu. Na kama inachelewesha kukomaa, huenda ikaiongeza. Kila kitalu kitakachovunwa kipimwe sumukuvu, hata kama bajeti ni ndogo. Mavuno yaliyoongezeka yakiwa na sumu hayana maana kwa mtoto anayelishwa uji wa karanga.

Nina mambo machache kuhusu namna majaribio yenyewe yanavyoweza kufanywa. Yasifanyike kituoni peke yake, penye bomba la maji na uzio. Yaje Kongwa, yaende Bahi na Manyoni, yafike Shinyanga kwenye dengu na choroko, na Babati kwenye mbaazi. Yadumu misimu mitatu kwa uchache, kwa kuwa msimu wenye mvua nzuri hautajibu swali la ukame na huo usihesabiwe kuwa ushahidi. Kila shamba liwe na kipima mvua, mkulima mwenyewe aandike. Na wanaopima wasijue kitalu kipi kilinyunyiziwa nini, maana jani la kijani kibichi humdanganya hata mtaalamu. Mwani unajulikana kwa kukolezesha rangi ya majani, na rangi hailiwi. Tuhesabu punje na uzito wake.

Vichangamsho vishindanishwe na vile tunavyovijua kuwa vinafaa. Karanga ya aina ya Pendo, iliyotolewa mwaka 1998, inakomaa mapema na imewaokoa wengi. Matuta yaliyofungwa katikati ili maji ya mvua yasikimbie yanafanya kazi, na mashimo ya kupandia ya Chololo yalibuniwa mkoani humu humu. Mkulima mwenye shilingi chache ana haki ya kujua kama zinunue mbegu bora, zilipe vibarua wa kufunga matuta, au zinunue chupa. Binafsi naamini dondoo itakuwa na faida pale tu ambapo matuta na mbegu vimekwisha kuwekwa sawa, na itakuwa upotevu pale ambapo havipo. Nipo tayari kuonyeshwa kwamba nimekosea. Ambalo sitalikubali ni fedha ya mbegu na ugani kuhamishiwa kwenye chupa kwa sababu chupa inapigika picha vizuri kwenye maonyesho ya Nane Nane.

Wapo watakaosema karanga na choroko ni mazao madogo, kwamba nguvu iende kwenye mahindi na mpunga. Katika nyumba nyingi za huku mboga ni kunde, mafuta ni karanga, ada ya shule ni choroko au mbaazi iliyouzwa. Mikunde ndiyo nyama yetu ya kila siku, na ndiyo inayorudisha rutuba kwenye shamba ambalo halijawahi kuona mfuko wa mbolea. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kununua mbaazi, bei ilianguka na wakulima wakaachwa na magunia ndani. Tulijifunza jinsi soko la mbali linavyoweza kutufunga. Ukame unatufunga kwa upande wa pili, na huu wa pili angalau una sehemu ambayo mikono yetu inaifikia.

Kwa hiyo naomba jibu, na naomba liwe la maandishi. Vitalu vinapaswa kupimwa na kuwekewa vigingi kabla Novemba haijaisha, ili mbegu iingie ardhini na mvua ya kwanza ya kupandia. Katika kijiji chetu wapo wakulima, wanawake kwa wanaume, waliokubali kutoa robo ekari kila mmoja na kuacha sehemu yake bila kunyunyizia chochote hadi mwisho wa msimu, wakijua kwamba huenda wakapoteza. Milonge ipo. Mabomba ya mgongoni yapo. Tunachokosa ni mtafiti wa kusimamia, mbegu ya Pendo isiyochanganywa, mizani, vipima mvua, lita chache za maji ya kotonii na ya spinosamu yaliyokamuliwa kwa kipimo kinachojulikana, na maabara ya kupima sumukuvu wakati wa mavuno. Majibu yenu yakipitia kwa afisa ugani wa kata yatatufikia siku hiyo hiyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa karanga, Kongwa